Kichupa Katika Ngumi ya Mzee Taa

Barua niliiandika mimi, nimekaa vizuri, chai mezani. Nalisema hili mapema msije mkanionea huruma huko mbele. Ilikuwa barua fupi yenye adabu tele, imejaa maneno kama "kwa kuzingatia afya yake" na "mazingira mepesi zaidi ya kazi", lakini maana yake ilikuwa moja: Mzee Taa macho yamekwisha, aondolewe kwenye chumba cha giza, apelekwe stoo akapange glavu.

Mzee Taa alikuwa fundi wa maabara yetu ya kemia. Jina la kwenye kitambulisho chake nalijua, ila hakuna aliyelitumia, hata mkuu wa idara, mtu ambaye kucheka kwake ni hadi apate kibali. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na alikuwa na joto lake mwenyewe. Kiyoyozi kikivuma sisi tunavaa sweta, yeye ana jasho puani. Ukimpa mkono asubuhi ya baridi ulitamani usiuachie.

Kazi yake ilikuwa ndani ya chumba kisicho na dirisha mwisho wa ukumbi. Sisi tulitengeneza unga, tukautia katika vichupa vidogo kama kidole. Yeye alivichukua stoo kimoja kimoja, akaingia gizani, akasubiri dakika tano macho yazoee, ndipo akawasha taa ya urujuanimno. Ile taa yenyewe huioni sana, lakini unga ukimulikwa nayo unawaka rangi. Aliilinganisha na kadi thelathini alizozipaka kwa mkono wake, ya kwanza kijani, ya mwisho nyekundu, katikati manjano na chungwa, kisha akaandika namba ya kadi kwenye daftari. Mashine ya kupima mwanga ilikuwa moja kwa jengo zima, na zamu yake ilikuwa ya kugombania, kwa hiyo jicho la Mzee Taa ndilo lililoamua unga upi unastahili kwenda.

Mimi mwenyewe alinifundisha kutazama. Nilikuja pale nikiwa mwanafunzi, mwembamba kama njiti ya kiberiti, najua fomula zote na sijui hata moja inafananaje. Alinikalisha kwenye kigoda gizani akanionyesha vichupa vinne.

"Hawa wote ni ndugu," alisema. "Molekuli za pembeni ni zilezile. Zimezunguka ioni ya metali, zimeishika. Zenyewe zinapokea mwanga wa taa, zinampasia yule wa katikati. Sasa rangi inategemea nani kakaa katikati. Huyu ni terbi."

Kichupa kiliwaka kijani, kijani cha jani lililotoka jana. Nikasahau kufunga mdomo.

"Huyu europi." Nyekundu. "Huyu zinki." Bluu ya upole. "Na huyu wa nne ni chuma."

Wa nne alikuwa giza tupu. Nikamuuliza kama taa imezimika.

"Taa ipo. Chuma ni mgeni wa kula tu, binti yangu. Unampasia mwanga, anaumeza, harudishi hata asante. Ukiona unga wako hauwaki, uliza kwanza ulichota kwa kijiko gani."

"Na joto je?"

"Joto ni mbea. Mwanga unapopita toka mkono huu kwenda mkono ule, joto linajipenyeza katikati, unamwagika njiani. Wengine hawajali. Wengine ukiwapasha kidogo tu, wamenuna."

Shahada zangu zote tatu zimesimama juu ya maneno yale. Nimeyasikia baadaye kwa lugha ngumu kutoka kwa watu wenye tai, na sikuona walichoongeza.

Basi miaka ikapita, nikawa mwalimu, nikapewa maabara yangu, na Mzee Taa akawa chini yangu. Yeye hakuona tatizo. Mbele za watu aliniita Mwalimu, tukiwa wawili aliniita binti yangu, na wote wawili tuliona sawa. Nikaanza kazi niliyoiota siku nyingi: kuchanganya terbi na europi katika unga mmoja. Ukiwa wa baridi, terbi anashika usukani, unga ni kijani. Ukipata joto, terbi anamwachia europi mwanga wake, na rangi inahama polepole, manjano, chungwa, mpaka nyekundu. Nilitaka unga unaosema joto bila waya wala betri. Uupake ndani ya sanduku la chanjo, umulike, uangalie rangi, ujue kama chanjo imepata joto. Nilikuwa na miezi mitatu ya kutoa ripoti.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Mashine ilisema unga wangu ni wa kijani, kadi ya nane. Daftari la Mzee Taa likasema chungwa, kadi ya kumi na saba. Nikarudia. Mashine nane, Mzee kumi na saba. Sampuli nyingine, mashine nane, Mzee kumi na nane. Nikashuku chuma kimeingia, nikabadilisha vijiko vyote, nikaosha vyombo kwa asidi mpaka vidole vikachubuka. Lakini chuma hufifisha, hakigeuzi kijani kuwa chungwa. Nikashuku joto. Mashine ilipima kwa nyuzi ishirini, na kipimajoto kwenye ukuta wa chumba cha giza nacho kilisema ishirini, leo, kesho na keshokutwa. Nikaliondoa joto kwenye orodha, nikajiona mjanja.

Akabaki mtu. Mtu ndiye rahisi kushukiwa, hasa akiwa amekula chumvi nyingi na amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Nilimjaribu bila kumwambia, nikamletea unga wa zamani wa terbi peke yake. Akaandika kadi ya kwanza, kijani kitupu, sawasawa na mashine. Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi nikajiambia kijani kile hata kipofu angekipatia.

Barua ikaenda kwa mkuu wa idara Jumanne. Nilikuwa na ushahidi wangu, na ule mzito kuliko wote niliuandika kwa wino mzito: tarehe kumi na tisa, kwa sampuli ambayo mashine iliipa kadi ya nane, fundi aliandika ishirini na mbili. Karibu nyekundu kabisa. Nani angebisha?

Siku ileile nilimwita Mzee nikamwambia, maana kumwacha asikie kwa wengine niliona ni ukatili. Niliongea kwa kuzungukazunguka. Nikamwambia kazi ya gizani inachosha, nikamwambia stoo kuna dirisha.

"Ni macho?" aliniuliza.

"Ni umri tu, Mzee wangu. Sote tunaelekea huko."

Aliitazama mikono yake juu ya magoti. "Lakini mimi naona chungwa, binti yangu."

"Najua unaona chungwa. Ndiyo shida yenyewe."

"Haya. Sawa." Akasimama, akaweka ufunguo wa chumba cha giza juu ya meza yangu taratibu, akausogeza kidogo uwe sambamba na kalamu. Nilitamani anitukane.

Kesho yake, saa mbili kasoro, mlango wa ofisi yangu uligongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja. Aliingia mwanamke mrefu mwenye kilemba, na kimto cha sindano kimefungwa mkononi kama saa. Nyuma yake alisimama Mzee Taa, uso umemshuka, ana haya. Alikuwa mkewe, fundi cherehani. Nilikuwa nimemwona mara chache tu, kwenye sherehe za idara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema mume wangu haoni?"

"Mama, karibu kiti."

"Sikuja kukaa." Alifungua kimto akakiweka mbele yangu. Sindano kumi na moja zimesimama, kila moja na uzi wake. "Kila asubuhi kabla hajaja kwenu huku, huyu hunitungia sindano za siku nzima. Mimi macho yangu ya karibu yalikwisha zamani. Situngi, wala sichagui rangi ya uzi. Mteja akileta gauni la chungwa, yeye ndiye anayeniambia chungwa hii, siyo ile. Miaka sita sijarudishiwa nguo. Haya, nionyeshe ambapo amekosea."

Nikatazama. Kijani tatu zilizopishana kwa unywele. Chungwa mbili. Uzi wa rangi ya kutu.

"Leo amekaa na sindano ya kwanza nusu saa," aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Ananiuliza, hebu niambie, hii ni nyekundu au siyo? Ananiuliza mimi! Tangu nimjue hajawahi kuniuliza rangi. Nikambana mpaka akasema. Mwalimu, mtu huyu umemfanya aogope macho yake mwenyewe. Akiyaogopa yeye, mimi nitashona kwa macho ya nani?"

Mzee Taa alisema kwa sauti ndogo, "Mama, yaishe."

"Hayaishi. Nataka kukiona hicho kidude kinachomwaga unga wetu."

Ningeweza kumwambia taratibu za maabara haziruhusu wageni. Nilimwangalia Mzee, jinsi alivyokuwa akikwepa kunitazama, nikachukua ufunguo. Tulipita stoo nikatoa vichupa viwili vya unga uleule, vilivyojazwa siku moja kutoka chombo kimoja. Kimoja nilimpa mama, maana alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Kingine Mzee alikichukua mwenyewe kama alivyozoea, akakifumbata kwenye ngumi, akaibana ngumi kifuani. Tukapita ukumbini, yeye akafungua milango miwili kwa mkono wa kushoto.

Tukakaa gizani dakika tano, watu watatu kwenye chumba cha wawili. Nilisikia mama akipumua kwa hasira. Nilisikia Mzee akimnong'oneza asiogope, giza ni la kawaida, na mama akimjibu kwamba giza la nyumbani umeme ukikatika ni kubwa kuliko hili.

"Haya, washa," nikasema.

Taa ikawaka. Mama alifungua kiganja chake, na ndani yake kichupa kilikuwa kijani. Kijani safi cha jani changa.

"Kijani," alisema Mzee Taa polepole. "Binti yangu, naona kijani. Au nakosea?"

"Hukosei."

Kisha yeye akafungua ngumi yake. Chungwa.

Nilishika vichupa vyote viwili nikavisoma lebo, nikavigeuza, nikavisoma tena. Unga mmoja. Kimoja kijani, kimoja chungwa, na safari hii niliyekuwa nikiona ni mimi, mwenye macho yangu ya ujana na shahada zangu tatu. Kichupa cha mama kilikuwa baridi kama kimetoka kisimani. Cha Mzee kilikuwa na joto la yai linaloatamiwa.

"Mama," nikasema, "naomba mkono wako."

Akanipa. Nikaruka.

"Mikono yangu ni barafu tangu usichana," alisema. "Waganga wa hospitali wamechoka kunipima. Tulipooana watu walimwambia huyu hongera, umepata jiko. Jiko gani? Jiko ni yeye. Mimi nilikuja kuota moto tu."

Niliviweka vichupa vyote viwili juu ya meza ya bati, nikasema tusiviguse. Tukasimama tukitazama. Cha Mzee kilianza kupoa. Chungwa ikawa manjano, manjano ikachoka, ikaingia kijani kidogo kidogo, mpaka ikafika mahali hukujua tena kipi ni cha nani. Mimi nilikuwa nalia na nilishukuru kwamba kuna giza, ila ile taa ilinisaliti.

Kipimajoto kilikuwa ukutani. Hakuna aliyekiuliza kuhusu ngumi ya mtu.

"Mzee," nikamuuliza, "lakini kwa nini unavibeba mkononi? Trei ziko tele."

Alicheka kidogo, akajikuna shingo. "Wengine wote nawabebea kwa trei. Ni vyako tu."

"Vyangu?"

"Umesahau? Ulipokuwa mwanafunzi. Kile kichupa chako cha kwanza kilichowaka. Kilikuwa kwenye trei, nikajikwaa pale kizingitini, kikapasuka. Miezi yako minne ikamwagika sakafuni. Wewe hukunisema hata neno. Ulikaa chini pale mlangoni na koti lako lote, ukalia kama mtoto. Mimi nikasema, basi. Vya huyu nitavishika mwenyewe, nisikiachie hata kimoja mpaka kifike."

Kumbe nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote ile nilitengeneza unga wa terbi peke yake, au europi peke yake, nao haukujali mkono wa nani. Nikamletea huu mmoja mpya unaojali, na uangalizi wake wote ukageuka kuwa kosa. Kosa la mtu aliyekataa kuniangushia kitu mara ya pili.

Nilitoka mle mbio hadi kwa mkuu wa idara. Barua ilikuwa juu ya rundo, haijasainiwa. Nikaichukua bila kuomba. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia fundi haoni vibaya, mwalimu ndiye hafikiri. Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, na sikufurahi.

Niliporudi ofisini walikuwa wamekaa, mama amekubali kiti. Nilifungua daftari la Mzee nikaliweka mbele yetu. Sasa lilisomeka vingine. Kumi na saba, kumi na saba, kumi na nane, kumi na saba. Jicho linalokufa haliwezi kuwa thabiti namna ile. Lilikuwa limepima ngumi ileile siku baada ya siku, bila kuteleza. Mstari mmoja tu ulipanda, ule wa ishirini na mbili.

"Hapa sielewi," nikasema. "Tarehe kumi na tisa."

"Mwezi uliopita?" mama akauliza. "Alikuwa na homa."

"Homa gani, mafua yale," Mzee akasema.

"Mafua! Mwalimu, alikuwa anawaka. Nilimfunika mablanketi mawili nikaenda kumtafutia dawa, narudi kitanda kitupu. Jioni namuuliza ulikwenda wapi na hali ile, ananiambia unga wa binti una zamu ya mashine kesho, asipoutazama leo zamu inapotea."

Barua ilikuwa bado mkononi mwangu, imekunjwa mara mbili. Mstari ule wa wino mzito ulikuwa ndani yake. Nilitaka kusema samahani, likatoka neno nusu. Mama akanyoosha ule mkono wake wa barafu akaniwekea shavuni, kwa nguvu kidogo, katikati ya kubembeleza na kuzaba kofi.

"Haya," alisema. "Mrudishie ufunguo wake."

Nikampa. Akautia kwenye mfuko wa koti, akaupigapiga kwa nje kuhakikisha umelala vizuri.

Wiki iliyofuata mama alituletea kifuko alichokishona mwenyewe, kinene, chenye pamba ndani na vyumba sita vya vichupa, na kamba ya kuvaa shingoni. Mzee alikivaa miezi yake yote kumi na minne iliyobaki. Kadi zake na mashine havikupishana tena, na ripoti ilitoka kwa wakati.

Lakini kuna jedwali moja halikuingia kwenye ripoti. Tulipomaliza kuupima unga kwa kila nyuzi, kuanzia tano hadi hamsini, ikawezekana kuchukua kadi yoyote ya daftari la zamani na kujua ilikuwa joto gani. Nilikaa peke yangu nikaziweka zote. Kumi na saba, nyuzi thelathini na tatu, kiganja cha mtu mzima. Ishirini na mbili, nyuzi thelathini na nane na nusu.

Nilimwonyesha. Aliisoma mara mbili, akatazama mlangoni.

"Kwa hiyo nilikuwa mgonjwa kweli," alisema. "Binti yangu, hii karatasi mama asiione. Hatanyamaza mpaka tufe."

Nimeibandika juu ya meza yangu hadi leo. Kitu cha kwanza ambacho unga wetu ulikipima ni homa ya Mzee Taa, siku aliyoamka kitandani kwa ajili yangu. Uliipima bila kukosea, naye akaiandika bila kukosea, na mimi nikaisoma nikaiita upofu.